Sebule ya Watu 113: Barua ya Wazi kwa Ligi Kuu ya Uingereza

Kwa Mkuu wa Haki za Matangazo,
Ligi Kuu ya Uingereza,
London.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA FAMILIA MOJA

Mheshimiwa,

Natumaini nyasi zenu zimekatwa vizuri. Sisi huku Bwaise, Kampala, hatujambo, ila mvua imenyesha na maji yamefika benchi la pili.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba irekebishwe mwaka 2005. Hapa Kampala, hata hivyo, wapo mama zetu ambao wakisikia Kiswahili usiku hutia komeo la pili mlangoni, kwa kuwakumbuka askari wa enzi za Amin. Wewe usiogope. Sikuja kupora. Nimekuja kujieleza juu ya uporaji tunaotuhumiwa.

Jumamosi moja, dakika ya 37, watu wawili wenye vitambulisho shingoni waliingia kwenye kibanda chetu cha kutazamia mpira. Walilipa shilingi 1,000 kila mmoja kama wateja wengine, wakakaa kwa adabu, kisha ghafla wakainuka na kusimama mbele ya televisheni. Mheshimiwa, mtu akisimama mbele ya televisheni Bwaise mpira ukiwa unachezwa, ama ana bunduki ama amechoka kuishi. Hawa walikuwa na karatasi tu. Karatasi ilisema kwamba kadi iliyo ndani ya king'amuzi chetu imesajiliwa kwa matumizi ya nyumbani, yaani sebuleni, kwa mteja na familia yake.

"Sebule iko wapi?" akauliza yule mrefu.

"Umesimama ndani yake," akajibu Ssalongo, mwenye kibanda.

Yule mfupi akahesabu vichwa kwa kidole. Akafika 113, bila watoto waliokuwa wakichungulia kwenye matundu ya mabati. "Na hawa wote ni nani?"

"Ni watu wangu wa nyumbani."

Hapo mabenchi yote, ya Arsenal na ya Manchester United, ambayo hayajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya wiki, yakaitikia kwa sauti moja: "Taata!" Yaani, baba.

Wageni wakaondoka na namba ya kadi, wakaahidi kuandika ripoti. Ndiyo maana na sisi tumeamua kuandika. Nimeteuliwa kuifanya kazi hii kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa benchi la tatu, na kwa kuwa mwenye mwandiko mzuri kunishinda anashabikia Tottenham, hivyo hana raha ya kutosha.

Ombi letu ni dogo. Mkataba wenu unaruhusu familia kutazama. Tunaomba mtutambue kuwa familia. Huku kwetu husemwa mwenye macho haambiwi tazama. Ninyi mmekuwa wa kwanza kumwambia mwenye macho asitazame. Tunadhani ni kosa la karani tu, na ushahidi utalirekebisha.

Familia ina baba. Baba yetu ni Ssalongo, na jina hilo kwa Baganda hapewi mtu kwa kubembeleza, hupewa aliyezaa mapacha. Mapacha wenyewe walizaliwa mwaka 2004, msimu ambao Arsenal walimaliza ligi bila kufungwa hata mara moja. Wasswa akaongezewa jina la Thierry, Kato la Bergkamp, na padre aliyewabatiza akadhani ni watakatifu wa Ufaransa na Uholanzi. Rimoti ya kibanda imefungwa ndani ya kaveera, ule mfuko wa plastiki, na hakuna anayeigusa isipokuwa Ssalongo. Serikali imetangaza marufuku ya kaveera zaidi ya mara moja, lakini marufuku ya rimoti imezipita zote. Nionyeshe sebule moja huko Surrey ambako amri ya baba inadumu hivyo.

Familia ina mama. Nnalongo hukaa mlangoni na jiko lake la makaa, akikaanga chapati na kutengeneza rolex. (Usishtuke, si saa ya mkononi, ni mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati. Tusije tukafunguliwa kesi nyingine kutoka Uswisi.) Asiyekuwa na pesa hula kikomando, chapati na maharage, na deni lake huandikwa ukutani kwa mkaa. Mimi nina deni tangu Leicester walipotwaa kombe.

Familia ina ukoo. Baganda wana koo zao, kila ukoo na muziro wake, mnyama au kitu ambacho mwenyewe hali na kwa jina hilo hujulikana: kuna wa Mamba, wa Nkima, wa Ngabi. Kwetu kibandani kuna wa Mzinga wa Arsenal, wa Shetani Mwekundu wa Manchester, wa Simba wa buluu na wa yule Ndege wa Liverpool. Mtu huzaliwa humo na kufia humo. Kubadili ukoo ni aibu kubwa kuliko kufilisika, na nakuhakikishia wapo wazee hapa wasiokumbuka umri wa wake zao lakini wanakumbuka nani alikosa penalti mwaka gani.

Ushahidi huu wa mwisho ndio ninaoutegemea zaidi. Mtu wa benchi la tano alipofiwa na mama yake, tulichanga mabugo, yaani michango ya msiba, kama watu wa nyumba moja, tukakodi matatu mbili, tukaenda kuzika upande wa Masaka. Ilikuwa Jumamosi. Kibanda kilifungwa. Liverpool wakacheza bila sisi, na sikumbuki hata matokeo. Waulize wale wenye vifurushi halali katika majumba yenye geti ni lini walizima televisheni kwa sababu jirani amefiwa.

Najua mtasema: kwa nini Ssalongo asinunue kifurushi cha biashara? Alikwenda kuuliza. Akakuta bei iliyokatwa kwa kipimo cha hoteli yenye bwawa la kuogelea. Bwawa tunalo, Mheshimiwa, ila la kwetu huja lenyewe kila mvua ikinyesha, na hakuna aliyetuambia kuwa linahesabika.

Wala sisemi Ssalongo ni malaika. Mechi kubwa hupandisha kiingilio hadi 2,000, na umeme ukikatika huchangisha tena petroli ya jenereta, kana kwamba ni sisi tulioukata. Zamani lawama ilikwenda kwa kampuni ya Umeme, ambayo angalau jina lake lilikuwa ahadi. Tangu Aprili 2025 usambazaji umerudi mikononi mwa serikali, na giza letu sasa ni la kitaifa. Lakini shilingi 1,000 ni kama peni 20 za kwenu. Ninyi mmeuza matangazo ya Uingereza peke yake, kuanzia msimu wa 2025/26, kwa pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne. Nilipoisoma tarakimu hiyo kwa sauti kibandani, mtu wa nyuma aliuliza kama ni pamoja na chapati.

Turudi kwenye sheria, maana nimejifunza kidogo.

Huko kwenu, mjini Portsmouth, alikuwapo mama mwenye baa, Karen Murphy, aliyechoka na bei ya kifurushi cha baa, akatumia kadi ya king'amuzi cha Ugiriki. Akapigwa faini. Akakataa kunyamaza, akaenda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 4 Oktoba 2011 majaji wakaamua kwamba kumzuia kununua kadi kutoka nchi nyingine ya Umoja ni kinyume cha sheria. Mwaka uliofuata hukumu dhidi yake ikafutwa. Nnalongo ameomba picha ya mama huyo aitundike juu ya jiko.

Lakini lililonifurahisha katika hukumu ile ni jingine. Majaji walisema mechi ya mpira yenyewe si kazi ya ubunifu, kwa sababu inaongozwa na kanuni za mchezo zisizomwachia mtu nafasi ya kubuni. Nasikitika kwamba majaji hao hawakuwahi kumwona Jay-Jay Okocha akiwa Bolton, ila hukumu ni hukumu. Vinavyolindwa, wakasema, ni vile vilivyobuniwa: wimbo wa kufungulia matangazo, picha za vionjo na michoro inayopita kwenye skrini.

Basi tunatoa ahadi. Wimbo wenu ukianza, mabenchi yote yatapiga kelele hadi uishe, jambo ambalo tayari tunalifanya. Kona ya skrini yenye nembo, Nnalongo ameshona kipande cha kitenge cha kuifunika. Yule simba wenu mwenye taji tutampa heshima ya kutomtazama kabisa. Kinachobaki ni watu 22 wakikimbia nyuma ya mpira, na hicho, kwa mujibu wa majaji wale wa Luxembourg, hakina mtunzi. Majina ya timu hayana shida pia. Ubao wa Ssalongo huandikwa kwa chaki "ASENO vs MAN SITI", na sidhani kuna wakili duniani atakayethibitisha kuwa hizo ni alama zenu za biashara.

Iwapo ombi la familia litakataliwa, tunawasilisha ombi la akiba: mtutambue kuwa kanisa.

Hilo nalo lina historia. Mwaka 2007, huko Marekani, ligi yao ya mpira ule wa kushika kwa mikono ililizuia kanisa moja la Kibaptisti mjini Indianapolis kuonyesha fainali ya Super Bowl, na fainali yenyewe ilikuwa ya timu ya mji huohuo. Kosa lilikuwa kutaka kuchangisha kiingilio, na skrini kuzidi inchi 55, kipimo kilichotoka katika sheria yao ya hakimiliki. Baa zilizokuwa zikiuza bia ziliendelea kuonyesha bila wasiwasi. Waumini waliokuwa wakinywa soda ndio walioonekana hatari. Mwaka 2008, baada ya maseneta kupaza sauti, ligi ikalegeza: makanisa yaonyeshe, mradi kiingilio kisiwepo.

Sasa tupime. Televisheni zetu ni mbili, moja ya inchi 43 na nyingine ya kizamani yenye nundu mgongoni, inchi 21, ambayo huonyesha nyasi rangi ya zambarau. Zote mbili ziko chini ya kipimo cha Marekani. Na kuhusu ukanisa, hatuigizi: kila Jumapili asubuhi Ssalongo hukikodisha kibanda hikihiki kwa mchungaji wa walokole. Mabenchi ni hayohayo, spika ni ileile, na mara nyingine watu ni walewale, maana waliopoteza dau Jumamosi huhitaji maombi Jumapili. Saa nane mchana mchungaji akichelewesha mahubiri, "amina" za mabenchi ya nyuma huanza kuja kwa kasi isiyo ya kiroho. Kama tatizo ni kiingilio, Ssalongo yuko tayari kukiita sadaka.

Hapa nitaleta jambo ambalo ndugu zangu wamelipinga. Nilipowasomea rasimu ya barua hii, aya inayofuata ilipigiwa kura ifutwe, kura 112 kwa moja. Nimeiacha.

Katika miaka ya 1960 mwenyekiti wa klabu ya Burnley, Bob Lord, aliwashawishi wenzake kwamba watu wakionyeshwa mechi kubwa kwenye televisheni Jumamosi mchana, hawatakwenda kwenye viwanja vidogo vya jirani. Kwa hiyo mpaka leo, kati ya saa tisa kasorobo na saa kumi na moja na robo, hakuna televisheni ya Uingereza inayoruhusiwa kuonyesha mechi mubashara. Mzee wa Burnley anaweza kusikia kelele za goli kupitia dirisha la jikoni kwake, asilione. Sisi Bwaise tunaliona, saa kumi na moja jioni wakati wa joto lenu, saa kumi na mbili wakati wa baridi yenu. Naona ni utaratibu mzuri sana. Mnailinda klabu ndogo kama Accrington Stanley isife njaa. Swali langu: nani anailinda klabu yetu ya Express ya Wankulukuku? Babu yangu alikwenda uwanja wa Nakivubo kwa miguu kutazama Express na Villa, na watu walipanda miti. Mwaka 2024 SC Villa walitwaa ubingwa wa Uganda baada ya miaka 20 ya kiu, na siku hiyo ubao wa Ssalongo ulitangaza mechi ya Uingereza. Kama Bob Lord alikuwa na hoja kwa Burnley, basi ana hoja kwa Wankulukuku. Nilipofika hapo nilirushiwa kipande cha chapati. Lakini ninyi mnaopenda sana kukataza, mbona hamjawahi kutukataza kwa ajili yetu? Kila katazo lenu, nikilifuatilia nyayo, linaishia kwenye mfuko uleule.

Basi, tuendelee.

Jina la mahali petu nalo litawasaidia kuelewa. Sisi twasema kibanda, kwa Kiganda na kwa Kiswahili ni neno lilelile. Dar es Salaam wanasema banda umiza, kwa sababu ya mabenchi, na aliyelitunga jina hilo alikuwa na mgongo kama wangu. Vibanda hivi vilianza na filamu, na ma-VJ wetu wakasimama pembeni na kipaza sauti wakizifasiri papo hapo kwa Kiganda, wakimfanya Schwarzenegger azungumze kama mchuuzi wa soko la Owino. Mpira ulipoingia ulikuta watu wamekwisha kuzoea kutazama kwa pamoja, kwa kelele, kwa kubishana na skrini. Mkataba wenu unamdhania mtazamaji mmoja kwenye kochi, kimya, mwenye mke anayemuuliza mechi itaisha saa ngapi. Mtu huyo huku hatujamwona. Mkimpata, mleteni, tutampa nafasi.

Kuna mara nilikaribia kuwa yeye. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka hapa Kampala, kwenye mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo. Zaidi ya watu 70 walikufa. Walikuwa wamekwenda kutazama mpira pamoja na wenzao, basi. Al-Shabaab wakajitokeza kusema ni wao. Hapo sina mzaha wa kutia. Ligi yenu ilipoanza Agosti ile, mlangoni kwa Ssalongo alisimama kijana wa kupapasa watu mifuko, na mabenchi yalikuwa nusu tupu. Mama alinisihi nikae nyumbani. Nyumbani kulikuwa na redio. Wiki ya kwanza nilisikiliza redio, nikashangilia goli peke yangu, na sauti yangu ikanitisha. Wiki ya tatu mabenchi yalikuwa yamejaa, na kijana wa mlangoni alikuwa akipapasa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika rolex.

Serikali yetu, kwa upande wake, haina hakika kama sisi ni familia au maandamano. Januari 2023 Arsenal walipowafunga Manchester United 3–2, mashabiki kadhaa walitoka barabarani mjini Jinja kesho yake, wamevaa nyekundu, wamebeba kombe la bandia, na polisi wakawakamata kwa kutembea bila kibali. Arsenal hawakuutwaa ubingwa msimu ule. Kwa hiyo wale ndugu ndio watu pekee niwajuao waliokamatwa kwa kombe ambalo timu yao haikulipata.

Naona nimeandika sana na jua linazama. Viambatanisho ni hivi: orodha ya wanafamilia kwa majina na mabenchi, kipande cha kitenge cha nembo kwa ukaguzi, na barua ya mchungaji, ambayo ina mistari mingi kuhusu jehanamu lakini aya ya mwisho inatuunga mkono.

Mtaona orodha ina majina 114, na karatasi ya wakaguzi inasema 113. Si udanganyifu. Yule mkaguzi mfupi, aliyetuhesabu kwa kidole, alirudi Jumamosi iliyofuata bila kitambulisho, akalipa 1,000, akakaa benchi la nne upande wa wenye Mzinga. Hakusema kitu mpaka dakika ya 88, aliposimama mbele ya televisheni kwa mara ya pili, safari hii akiwa ameshikilia kichwa, na safari hii hakuna aliyemfukuza. Anasema kwake kuna king'amuzi, kifurushi kamili, kimelipiwa na kazini. Tafadhali msimwachishe kazi, ana deni kwa Nnalongo.

Wako katika mchezo,

Mwenyekiti wa Benchi la Tatu,
kwa niaba ya familia.

Nakala: Ssalongo (kwa kaveera).